Chaguo la Kwanza Huandikwa Kwanza

Wawira, mama yangu,

Nakuandikia nikiwa nimekalia gunia la ndengu ndani ya stoo, kwa sababu nyumba imetekwa. Akina mama wa kanisa wamejaa sebuleni tangu chakula cha mchana. Wanakuombea, wanakuimbia, na kila mmoja amekuja na kikapu chake na ushauri wake. Nilijaribu kuingia nichukue miwani, nikakabidhiwa kikombe cha chai mlangoni na kuambiwa nitoke nacho. Kwa hiyo naandika bila miwani. Ukiona mistari inapanda juu kama inaelekea kwao mama yako Kianjokoma, ujue sababu ni hiyo.

Mambo ya sanduku sitayagusa. Blanketi, kufuli, sabuni, usiache nguo kwenye kamba ya watu, yote hayo mama yako ameyasema, akayarudia, na najua kesho atayasema tena tukiwa njiani. Nikiongeza langu utapasuka kichwa. Mimi nataka tuongee juu ya mbuzi.

Najua hapo umecheka. Cheka tu, lakini usiweke barua chini. Kuna swali uliniuliza siku ile tukiwanywesha mbuzi dawa ya minyoo, na mimi nikakohoa badala ya kujibu. Ulinitazama, ukaniachia. Nimetembea na swali lako tangu siku hiyo kama mtu aliyeingiwa na mwiba akaona haya kuvua kiatu mbele ya watu. Kesho unaondoka kwenda chuo kikuu, na sitaki uondoke bila jibu.

Halafu jambo moja kabla sijaendelea. Huko utakutana na watu ambao watashangaa wakisikia kwenye simu baba anamwita binti yake mama. Waeleze. Waambie wewe ni wa kwanza, umebeba jina la mama yangu, na kwetu jina si la kuitia tu. Nikikuita mama simaanishi kama wale wa Nairobi wanaomwita kila mwanamke mama. Nikikukosea wewe nimemkosea yeye, na yeye, Mungu amrehemu, alikuwa na mkono wa kufinya sikio hadi unaona nyota mchana. Wewe umechukua jina, ukaacha ule mkono. Nashukuru sana kwa hilo.

Sasa mbuzi.

Kazi yangu unaijua. Nanunua mbuzi huku Gachoka na vijiji vya karibu, nawapeleka masoko ya juu ambako watu wana pesa na hawana mbuzi. Katika kazi hii kuna jambo moja ambalo hakuna anayekufundisha, unalijua tu au unafilisika: mbuzi unayemtaka humtazami. Unampita kama hayupo. Unakwenda kwa yule mwembamba aliye nyuma yake, unamshika mgongo, unamfungua mdomo, unauliza bei, unasikitika, unatikisa kichwa kama uko matangani. Ukishaanza kuondoka ndipo unageuka, "Na huyu naye?" kwa sauti ya mtu anayeuliza saa. Muuzaji akishajua roho yako iko wapi, amekumaliza. Atakukamua mpaka ukauke.

Nimeifanya kazi hiyo tangu kabla sijamwoa mama yako. Hata yeye nilimwendea hivyohivyo. Nilifika kwao Kianjokoma nikajifanya nimekuja kuuliza habari za majani chai, mimi mtu wa Gachoka ambako mchai haujawahi kuonekana! Nilimuuliza babu yako maswali ya chai mpaka jua likatua. Mama yako alikaa kando akichambua maharagwe, na nilipoaga ndiye aliyesema, "Huyu hakuja kwa chai." Ai, watu walicheka. Ningekuwa na akili ningejifunza siku hiyo kwamba kuna watu huwezi kuwazuga. Sikujifunza.

Tena hata kule Kangeta, Meru, sikujifunza. Hadithi hii umeisikia mara nyingi lakini nilikuwa naruka sehemu. Nilikwenda Kangeta na rafiki yangu wa miraa, yeye ana shughuli zake za mabunda, mimi nikaona mzee mmoja pembeni ya soko ana mbuzi kadhaa. Kulikuwa na beberu mmoja pale, mweusi, kifua kama cha mwanajeshi. Nikampenda papo hapo. Basi nikafanya nilivyozoea, nikamwendea mbuzi jike mzee aliyekuwa na pembe moja, nikamshika, nikataja bei ya kumtukana mwenyewe. Nilitegemea mzee akasirike, tubishane kidogo, ndipo nihamie kwa beberu.

Yule mzee alinitazama kwa upole kabisa akasema, "Sawa. Mchukue."

Nikasema, "Ngoja kwanza, mzee."

Akasema, "Ningoje nini? Umetaja bei, nimekubali. Kamba hii hapa."

Na wewe unajua sokoni mambo yalivyo. Ukishataja bei na mwenyewe akakubali, mbuzi ni wako. Ukikataa, siku hiyo hakuna atakayekuuzia hata ukwato. Nilirudi nyumbani na mbuzi wa pembe moja, na rafiki yangu akicheka njia nzima kutoka Meru hadi Embu. Sehemu niliyokuwa nairuka ni hii: kabla sijaondoka nilimwambia yule mzee ukweli, kwamba nilikuwa namtaka beberu. Akashangaa sana. "Sasa kwa nini hukusema?" akaniuliza. "Huyo beberu ananisumbua, nimekuwa nikitafuta mtu wa kumchukua tangu asubuhi." Nikaivuta kamba ya pembe moja nikaondoka.

Huyo wa pembe moja ndiye Kapembe wetu, mliyekunywa maziwa yake wewe na ndugu yako mpaka mkanenepa, na ulimlilia alipokufa kuliko ulivyowahi kumlilia mtu. Kwa hiyo sisemi makosa yangu hayazai kitu. Yanazaa. Lakini mtu hawezi kukaa akitegemea Kapembe.

Twende sasa pale saiba, kwenye duka la kompyuta la Mugendi.

Matokeo ya mtihani wa mwisho yalikuwa yametoka, una B yako, na B hiyo hukupewa na mtu. Ulikuwa umeniambia tangu kidato cha pili unachotaka kusoma, na mimi nilikuwa nimecheka. Hali ya hewa! Nikakuambia huku Gachoka mtu akisema mvua itanyesha tunamshika paji la uso tuone kama ana homa. Lakini ulikuwa umeweka kopo la mafuta ya kupikia juu ya nguzo ya ua, na kila mvua ilipokatika ulitoka kupima na rula yako ya shule kabla hata hujavaa viatu. Mwaka ule nilipopanda ndengu na mvua ya kwanza, uliniambia, "Baba, hii si yenyewe, hii inapita tu, ngoja." Nikakuambia nilianza kupanda kabla hujazaliwa. Ndengu zikaota vizuri sana, kijani kibichi, zikakauka zote kama zilizomwagiwa maji ya moto. Ulipita pale shambani ukienda shule, ukatazama, ukaenda zako. Heri ungesema.

Kwa hiyo nilikuwa najua unataka nini. Hilo naliandika wazi, nisije nikajificha nyuma ya ujinga. Nilijua.

Mugendi akafungua ule mtandao wa serikali wa kuomba nafasi za chuo, akageuza kioo kwetu. Akatuonyesha kwamba gredi peke yake haitoshi, kila kozi ina masomo manne inayoyaangalia, wanayapigia hesabu yao, unapata pointi za kozi hiyo. Ya hali ya hewa ilikuwa inaangalia hesabu na fizikia yako kwa jicho la pekee. Pembeni wameandika pointi za yule mtoto wa mwisho kuingia mwaka uliotangulia. Zako zilikuwa juu ya zake, kwa upana wa unywele. Ukanishika mkono chini ya meza. Uso wako ulikuwa kama wa mtu aliyeona maji jangwani.

Na mimi mfanyabiashara nikaona uso ule nikashtuka. Nikajisemea, huyu mtoto ameonyesha anachotaka! Serikali nzima imeona!

Ukasema, "Mugendi, weka hali ya hewa, namba moja."

Nikasema, "Tulia. Tulia kwanza." Nikakuvuta kando, karibu na ile mashine ya kupiga chapa, nikakuelezea siri ya kazi yangu kana kwamba nakurithisha shamba. Kwamba ukiiweka mbele watajua una njaa nayo. Kwamba pointi zako ziko pembeni kabisa, na mtu akiwa pembeni hapaswi kuonyesha shauku. Tuweke ualimu kwanza, katika chuo cha karibu. Kilimo pili. Halafu hali ya hewa tatu, pale chini, kama kitu tulichokumbuka tukiwa mlangoni. Ukaniuliza, "Baba, una hakika?" Nikakuambia, "Umewahi kuniona nikipunjwa?" Ulikuwa na haki ya kutaja Kangeta hapo. Hukutaja, kwa heshima. Heshima yako ilikuponza.

Mugendi alijaribu. Nataka ujue hilo, kwa maana ulikuwa umeenda kununua maji. Aliniambia, "Mzee, hii si soko." Nikamwambia abonyeze.

Ujumbe ulipokuja ulisema vile ulivyosema. Hongera, umepata ualimu, chuo cha karibu na kwetu.

Nilifikiri ni utani. Nikaenda kwa Mugendi mwenyewe, peke yangu, kumuuliza kwa nini hawajasoma hadi chini. Akaniketisha. Akaniambia, "Baba Wawira, kompyuta haina shida na uso wako. Inakuuliza, chaguo la kwanza ni nini? Ukisema ualimu, inaangalia pointi. Zinatosha? Nafasi ipo? Inakupa, inafunga, inakwenda kwa mtoto mwingine. La pili haikufika. La tatu haikujua kama liko." Nikamwambia lakini hakuna muuzaji anayefanya hivyo. Akasema, "Ndiyo maana nilikuambia si soko. Hapa unasema unachotaka na wanakuamini."

Nilitoka pale nikiwa nimechoka kama niliyebeba mbuzi mabegani. Wanakuamini! Maisha yangu yote sikuwahi kufanya biashara na mtu wa namna hiyo, isipokuwa yule mzee wa Kangeta.

Jumapili yake ndiyo ilinimaliza. Mchungaji alikuwa amesikia, sijui kwa nani, akakusimamisha mbele ya kanisa zima. "Mwalimu wetu mpya!" Watu wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, mtoto mmoja akakupa ua. Ualimu ni kazi njema na kuna watoto wangetoa mkono mmoja kuipata, na wewe ulijua hivyo, kwa hiyo ulitabasamu. Mimi nilikuwa benchi la tatu. Tabasamu lile nalijua. Ndilo ninalolivaa mimi sokoni. Sikuwahi kukufundisha, na siku hiyo nikaona umelijua kunishinda.

Baada ya hapo ukawa na adabu ya mgeni. Hukunitusi, hukununa, ulinipa chakula, ulinisalimia asubuhi, ulinijibu kila nilichouliza. Haki, afadhali ungevunja sahani. Mama yako naye akawa anaimba nyimbo za kanisa jikoni, zile za toba tu.

Ndipo ukasikia wewe mwenyewe kwamba mtandao utafunguliwa tena kwa siku chache, kwa wanaotaka kuhama kozi. Ulikuja ukaniambia ukiwa umesimama mbali, kama unamwambia jirani. Unahama ukiwa na pointi za kule unakotaka, na kuwe na nafasi, na chuo unachotoka kikubali kukuachia, na kile unachokwenda kikubali kukupokea. Vyuo viwili vikubaliane juu ya mtoto mmoja wa Gachoka! Nikakuuliza tukikosa je. Ukasema, "Tukikosa nitakuwa mwalimu, Baba. Nitafundisha jiografia." Ulisema vizuri tu, bila kunichoma, ndiyo maana nilichomeka.

Pale saiba safari hii nilipewa kiti mlangoni, na masharti ya kutofungua mdomo. Mkafika mahali panapouliza sababu ya kutaka kuhama, ukasita, ukageuka kunitazama. Nikavunja sharti. Nikasema, "Andika ukweli. Andika baba yangu alipatana bei vibaya." Mugendi alicheka mpaka akashika meza. Na wewe ukacheka, kidogo, kwa pua. Ndiyo mara ya kwanza tangu kanisani. Sijui uliandika nini mwishowe, ila kile kicheko nilirudi nacho nyumbani nikakilalia.

Halafu kungoja. Ilikuwa katika kungoja huko ndipo tukawanywesha mbuzi dawa. Unakumbuka, wewe umeshika taya, mimi nina chupa, mbuzi anatutazama wote wawili kama mahakimu. Ukasema bila kuinua macho, "Baba, sokoni unamjua mbuzi unayemtaka hata ukimpita bila kumtazama, si ndiyo?" Nikasema ndiyo. Ukasema, "Basi siku ile saiba, ulikuwa unamtaka yupi?"

Nikakohoa. Dawa ikamwagika. Ukamwachia mbuzi ukashika mwingine.

Nitarudi hapo. Ngoja nimalize na simu kwanza kwa sababu napenda kuikumbuka.

Tulikuwa tunapura ndengu, mimi na mama yako na fimbo zetu, wewe umepanda pale juu ya mwamba kutafuta mtandao, kama ulivyokuwa ukifanya kila saa. Nikasikia unapiga kelele. Nilidhani nyoka. Nikaja mbio na fimbo juu, mama yako nyuma yangu akiita jina la Yesu, tukakukuta unaruka juu ya mwamba na maganda ya ndengu yamejaa kwenye nywele. "Wamekubali! Wote wawili wamekubali! Hali ya hewa, Baba!" Mama yako alipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakata kamba. Mimi nilitupa fimbo nikacheza, mimi na goti langu hili, nikacheza kama mvulana, na jirani akaja kuuliza ni harusi ya nani. Ndengu zile tulizikusanya jioni zikiwa nusu zimeliwa na mbuzi. Hakuna aliyejali.

Halafu nikaenda kwenye zizi, nikasema naangalia kamba. Kamba sikuigusa. Mama yako akaja akasimama mlangoni akasema, "Huyu hakuja kwa kamba." Yule mwanamke! Nikamwambia anipishe.

Sasa jibu lako, mama.

Nilidhani nazuga. Kwa kweli nilidhani. Lakini nimeikumbuka siku ile saiba tena na tena, nimeona nilivyotenda. Mnunuzi anayezuga huenda kwa mbuzi asiyemtaka. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye chuo ambacho ungetoka asubuhi ukarudi jioni. Kuna kozi ngapi kwenye ule mtandao? Mugendi anasema hazihesabiki. Ningeweza kuweka mbele kitu chochote, cha mbali, kigumu, ambacho pointi zako zisingefika, na kompyuta ingekipita ikashuka hadi kwa hali ya hewa yako. Hata kwa akili yangu ya mbuzi ningefanya hivyo. Sikufanya. Niliweka mbele kitu ambacho ungekipata, na ungekipatia hapa karibu nami.

Nilikuwa namtaka huyo, Wawira. Nilitaka ubaki. Nilitaka nirudi kutoka sokoni nikute kopo lako juu ya ua na wewe na rula yako, uniambie nisipande, nisikusikie, unitazame. Nilijificha hata mimi mwenyewe nisijue. Wauzaji wa huku kwetu Mbeere nzima hawajawahi kunisoma, lakini ile kompyuta ilinisoma mara moja. Haikukosea hata kidogo. Ilinipa nilichokiweka mbele.

Na nilipopata, Jumapili ile kanisani, niliona nilichokipata kimesimama mbele ya watu na ua mkononi, kinatabasamu tabasamu la sokoni. Sikumtaka binti huyo nyumbani kwangu. Nilimtaka yule wa kwenye mwamba, na yule wa kwenye mwamba ni wa kuondoka. Pole, mama yangu. Nimekuwa nikiliandika neno hili tangu mwanzo wa karatasi likinikimbia.

Sikuachii kanuni. Mimi ni mtu wa soko na nitakufa nikiwapita mbuzi ninaowataka, nimezeeka katika hilo. Wewe huna sababu ya kurithi. Kule uendako kutakuwa na mwalimu ambaye hukumwelewa, utatamani ujifanye umeelewa. Kutakuwa na rafiki unayemtaka awe rafiki. Kutakuwa na kijana, na hapo nakohoa tena, atakuja kuuliza habari za mvua na hakuja kwa mvua. Wote hao ungependa kuwapita kwanza, maana umetoka kwangu. Kumbuka tu vile ulivyosema siku ile bila kusitasita, "namba moja," na macho yako yakawaka. Ulikuwa sahihi kabla sijakuvuta kando. Mwanangu, usivutwe kando na mtu, hata akiwa na uso wangu.

Kesho pale stegi ya mabasi, Embu, utaniona nikijifanya nina mambo mengi. Nitakagua magurudumu ya gari. Nitagombana na makanga juu ya sanduku lako. Nitauliza dereva kama barabara ni nzuri, na nitatazama kila mahali isipokuwa wewe. Sasa unajua maana yake. Mbuzi nisiyemtazama ndiye yule.

Akina mama wamefika kwenye wimbo wa mwisho, nasikia mama yako anaongoza, na karibu atanituma nikawachinjie kuku. Ndugu yako ameahidi kupima mvua kwenye kopo lako. Mimi nimeahidi kungoja akiniambia ningoje. Basi nimalize kwa kuomba nafasi zangu vizuri, kwa mpangilio wa Mugendi, bila kuzuga.

Chaguo la kwanza: nenda.

Chaguo la pili: rudi Disemba, utuambie kama tupande.

Chaguo la tatu: baki nyumbani. Nimeliandika kwa sababu nilisema sitazuga, ila nimeliweka chini kabisa, mama yangu, na unajua kompyuta ilivyo. La kwanza likikubaliwa, huko haifiki.

Baba yako,
stoo, juu ya gunia